Gari Lililozimwa Halijalala

Wanangu wa Kisii na Nyamira, abamura na mabinti mlioanza kujifungulia boneti wenyewe, nina neno nanyi. Siandiki kuwakataza. Anayejua kulitengeneza gari lake huokoa pesa, hadanganywi na fundi mlaghai, na likimkwamia usiku kule Ikonge au Nyansiongo hakai kando ya barabara akisubiri huruma za wapita njia. Ujuzi huo nautaka kwenu. Ila zipo kazi za gari zinazomsamehe mwanagenzi na zipo zisizomsamehe, na hizi za pili ndizo ninazoona mkizikimbilia kwanza.

Najua mlivyofika hapa. Sheria zetu haziruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limezidi miaka 8, lakini likishapita bandarini Mombasa hakuna anayelihesabia umri tena. Litaendeshwa Nairobi na mwenyewe wa kwanza, liuzwe Nakuru, lifanye kazi ya teksi, na likifika Keroka lina miaka 20 au zaidi. Probox zilianza kuundwa mwaka 2002, kwa hiyo zile za mwanzo zimekwisha kuwa wazee, na Corolla 110 ni wazee kuliko hizo. Hapo ndipo bei inaposhuka hadi kwenye mfuko wa kijana anayeuza ndizi sokoni au mwalimu aliyeajiriwa juzi. Akishalipa, hana senti ya fundi. Basi anachukua simu, anatafuta video, anaazima jeki kwa jirani, na kazi inaanza nyuma ya nyumba.

Nikipita, naona miguu. Miguu miwili imechomoza chini ya gari, mwili wote uko ndani. Gari limesimama kwenye mteremko wa boma, jeki imezama katika udongo mwekundu uliolowa mvua ya jana, na simu imeegemezwa kwenye tofali ikimwonyesha mtu wa ng'ambo akifanya kazi hiyohiyo katika gereji yenye sakafu ya saruji iliyosawazishwa. Mara nyingi nimemwamuru kijana atoke kwanza, salamu zikafuata baadaye. Wengine hukasirika. Na wakasirike.

Shida inaanzia kwenye fikira. Mnadhani ukishazima injini na kuchomoa ufunguo, gari limekufa na unaweza kulichokoa utakavyo. Kilichonyamaza ni injini tu. Uzito wa tani nzima bado unatafuta pa kuangukia. Springi zimebanwa na zinataka kuachiliwa. Maji yamefungiwa kwa presha. Betri ina moto wake, na tangi lina mvuke wake. Fundi mzoefu akilikaribia gari bovu hujiuliza kabla ya kushika spana: ni nini hapa bado kina nguvu, na nikikifungua nguvu hiyo itaelekea wapi? Asiyeweza kujibu swali hilo kuhusu nati anayotaka kuilegeza, asiilegeze.

Nianze na jeki, maana ndiyo inayonikosesha usingizi. Jeki inayokuja na gari ilitengenezwa kwa kazi moja, kubadilisha gurudumu kando ya barabara, nawe ukiwa umesimama au umechuchumaa nje. Kitako chake hakizidi kiganja cha mkono. Kwenye lami kavu kinatosha. Kwenye udongo wetu, ambao hunyeshewa karibu mwaka mzima, kinazama upande mmoja, jeki inainama, na gari linaishukia bila kupiga kelele ya onyo. Hata jeki nzuri ya haidroli haitakiwi kukaa peke yake na mtu aliye chini ya gari. Mpira mmoja ndani yake ukichakaa, mafuta yanapita na gari linashuka.

Sasa sikilizeni jambo ambalo video nyingi hazilisemi, kwa sababu waliozipiga hawaishi milimani. Breki ya mkono katika magari mengi mliyo nayo hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiinua nyuma ya gari, umeyaning'iniza hewani magurudumu yaleyale yaliyokuwa yamelizuia, na mbele kunabaki huru. Utasema, lakini nimeacha gia. Probox na Corolla zinavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo gia inashika mbele. Ni kweli, mradi yote mawili yamekanyaga chini. Ukiinua gurudumu moja tu la mbele, difu inaliruhusu lile la hewani lizunguke kinyume huku lile la chini likiviringika, na gia yako haizuii kitu. Mwenye otomatiki aliyeweka P yuko palepale. Na wale wenye Peugeot 504 au Datsun kuukuu, gia na breki ya mkono zote ziko nyuma, ukiinua nyuma umepoteza zote mbili kwa mpigo mmoja.

Kwa hiyo kwetu sisi, gari huzuiwa kwa vigingi. Tafuta mahali palipo tambarare kuliko pote bomani, na kama hapapo, lisukumeni hadi uwanja wa shule au kwa jirani mwenye sakafu. Magurudumu yanayobaki chini yawekewe vigingi vya mbao ngumu au mawe makubwa yenye ubapa, upande wa bondeni kwanza, kisha na wa mlimani. Chini ya jeki weka ubao mpana na mnene usiopasuka. Ukishainua, ingiza stendi za chuma, mbili, kwenye sehemu ngumu za bodi, na ulishushe gari likalie stendi. Hakuna stendi? Basi hakuna kuingia chini. Matofali ya kujengea hayafai. Tofali hubeba nyumba kwa sababu uzito umelala juu yake lote, lakini likibanwa na ncha moja ya chuma linapasuka mara moja. Nimewahi kukuta gari limekalishwa juu ya jiwe la Tabaka. Jiwe hilo mnalijua wenyewe, linachongwa twiga na vibakuli kwa kisu. Litabebaje gari?

Gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya bodi, karibu na unapofanyia kazi. Chochote kikiteleza, gari litaangukia gurudumu kabla ya kukufikia. Kisha, ungali nje, lishike gari na ulitikise kwa nguvu zako zote. Likitikisika na kusogea, shukuru kwamba limesogea ukiwa nje. Na usiwe peke yako nyumbani. Awepo mtu mzima anayeweza kuushika mpini wa jeki na anayejua kwamba, mambo yakiharibika, gari huinuliwa kwanza ndipo mtu huvutwa.

Jambo la pili ni springi, na hapa nasema na vijana wa Probox hasa. Najua mnataka kuliinua gari ili lipite kwenye matuta na mawe ya barabara za ndani, na libebe mizigo bila kukwangua. Gari linakuwa tayari limeinuliwa, gurudumu limetoka, na unaona juu, ndani ya boneti, pale shoki inaposhikiliwa, nati tatu ndogo zimezunguka nati moja kubwa ya katikati. Zile tatu zinaishikilia shoki kwenye bodi. Ile ya katikati ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa isifyatuke. Mwanagenzi huona ile kubwa na kufikiri ndiyo mama wa kazi, akaanza nayo. Springi hiyo imezoea kubeba robo ya gari. Ikifyatuka inavunja taya, inang'oa vidole, na inaweza kuua. Ipo zana maalumu ya kuibana kabla ya kuigusa nati ya katikati, na zana hiyo nayo ikiwa mbovu au ikifungwa vibaya ni hatari nyingine. Waya na kamba za manila si zana. Kazi hii nawakatazeni kabisa mpaka muwe mmeifanya mara nyingi mkisimamiwa na fundi. 

Breki zinadanganya kwa njia nyingine. Kubadilisha pedi kunaonekana rahisi, na kwa kweli mikono yenyewe haina kazi ngumu. Bolti mbili, kalipa inainuka, pedi kuukuu zinatoka, mpya zinaingia. Hatari inakuja ukishamaliza na umefurahi. Ili pedi mpya, ambazo ni nene, ziingie, ulilazimika kuirudisha pistoni nyuma. Sasa kuna pengo kati ya pistoni na pedi, na ukikanyaga breki mara ya kwanza pedali inazama hadi sakafuni bila kushika chochote. Inabidi uikanyage mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka iwe ngumu mguuni. Asiyejua hili anawasha, anarudi nyuma kutoka nyuma ya nyumba, boma limeinamia barabarani, anakanyaga na hakuna kitu. Fikirieni maboma yetu yalivyo, fikirieni watoto wanaocheza getini, kisha mniambie kama nazidisha.

Mafuta ya breki nayo mnayachezea. Kwenye kifuniko cha chupa yake pameandikwa DOT 3 au DOT 4, na hiyo ndiyo amri. Nimesikia eti yakipungua unaweza kuongeza oili ya injini, au ya usukani, au hata mafuta ya kupikia, ili ufike mjini. Oili za madini huvimbisha mipira yote ya mfumo wa breki, kuanzia pampu kuu hadi kwenye magurudumu. Kwa siku mbili tatu breki zitafanya kazi, na utamwambia rafiki yako kwamba mzee fulani alikutisha bure. Kisha mipira inalainika na kukwama, magurudumu yanashikana yenyewe au pedali inazama, na itakubidi ubadilishe kila kipande kilichoguswa. Gharama yake inazidi ya fundi uliyekuwa ukimkwepa.

Halafu kuna unyevu. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, hata kupitia mipira. Yakikaa miaka bila kubadilishwa, na hewa yetu ilivyo na unyevu, yanakuwa na maji ndani. Kwenye tambarare hutagundua. Lakini shuka kutoka Keroka kuelekea Kisii na mzigo wa ndizi, mguu umeganda kwenye breki kila kona. Breki zinapata moto, maji yale yanachemka ndani ya paipu na kuwa mvuke, na mvuke hubonyea. Pedali inakuwa laini, kisha inakuwa si kitu. Wengi huita hilo breki kukataa, wakadhani ni bahati mbaya au mkono wa mtu. Dalili yake mara nyingi huonekana ukifungua kile kichupa na kukuta mafuta meusi kama chai ya rangi. Kuyabadilisha ni kazi ya watu wawili, mmoja akikanyaga na mwingine akifungua kijinati cha kutolea hewa, na hatua zake zisipofuatwa hewa inabaki ndani. Fanyeni mkiwa na anayejua. Na mkiwa mteremkoni, gia ndogo ndiyo ilizuie gari, breki isaidie.

Mkifungua breki za ngoma za magari ya kale, msipulize lile vumbi kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Vitambaa vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Lilowesheni, mlifute kwa kitambaa kibichi, na kitambaa chenyewe mkifunge kwenye karatasi ya nailoni.

Rejeta ina habari yake katika nchi yetu ya juu. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Nyamira iko juu zaidi. Kwa mwinuko huo maji ya sufuria huchemka yakifika digrii 94 hivi, hayangoji 100. Kifuniko cha rejeta hufunga presha ili maji yavuke digrii 110 bila kuchemka. Injini ikipata joto kupita kiasi, ndani ya rejeta mna maji ambayo tayari yana joto kuliko kiwango chake cha kuchemka nje, na kinachoyazuia ni kile kifuniko tu. Ukikifungua, sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Huku kwetu tofauti hiyo ni kubwa kuliko ya Mombasa, kwa hiyo mlipuko nao ni mbaya zaidi. Kitambaa mkononi hakisaidii uso. Zima gari, fungua boneti, kaa pembeni nusu saa au zaidi, mpaka uweze kulishika bomba la juu la rejeta kwa mkono mtupu na kulibana bila kukuta ugumu. Ndipo ufungue, polepole. Na usimwage maji baridi ya mtoni kwenye injini yenye moto, hedi itapasuka.

Petroli siwaelezi kwa urefu kwa sababu mnajua inawaka, ingawa mnaishi nayo kana kwamba hamjui. Msiivute kwa mdomo kupitia mpira. Ikiteleza kidogo tu kwenye njia ya hewa inachoma mapafu, na mtu anaweza kulazwa hospitalini kwa funda moja. Msimimine petroli ndani ya kabureta huku mwenzenu anapiga stata, maana injini ikitema moto kupitia pale juu, chupa iko mkononi mwako. Na tangi linalovuja lisipelekwe kuchomelewa hata kama lina mwezi mzima bila tone la mafuta. Tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke.

Umeme, maneno machache. Kabla ya kugusa nyaya, ondoa terminali hasi ya betri, na hiyohiyo iwe ya mwisho kurudishwa. Vua saa na pete. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo sigara na cheche zikae mbali, na chaja izimwe kabla ya kuchomoa klipu. Fyuzi ikiungua mara mbili, gari linakuambia kuna waya umeshikana na bodi mahali fulani. Kuweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ni kuuambia moto utafute njia nyingine, na njia hiyo hupita chini ya kiti chako.

Jambo jingine kwa watu wa Nyamira, ambako jioni kuna baridi na mvua. Usiwashe injini ndani ya banda la mabati ukiwa umefunga milango ili usinyeshewe. Moshi wa petroli una gesi isiyo na harufu wala rangi. Utasikia kichwa kizito, utadhani ni uchovu, utakaa chini kidogo. Bora kunyeshewa.

Mtaniuliza, sasa tufanye nini, tukae tukitazama? La. Zipo kazi nyingi ambazo zikiharibika hazikuumizi, na mwanagenzi aanzie hapo. Badilisha chujio la hewa. Safisha terminali za betri. Injini ikiwa baridi, toa plagi moja baada ya nyingine, usome rangi yake, kisha uirudishe kwa mkono kwanza kabla ya spana ili usiharibu nyuzi za hedi, ambayo ni ya alumini laini. Pima oili kila wiki, ujue gari lako linakunywa kiasi gani. Jifunze kukaza nati za gurudumu kwa kuruka, nati hii kisha ile inayotazamana nayo, gari likiwa limeshuka chini. Toyota nyingi ndogo zinataka nyutoni-mita 103, na spana ya kupima nguvu mnaweza kuchangiana vijana watano mkanunua moja. Baada ya mwendo wa kama kilomita 50, zikaze tena. Hata siku nzima ya kutazama tu, kufuata paipu kutoka pedali hadi gurudumu bila kufungua kitu, haijapotea.

Oili ya kumwaga ndiyo huchafua boma kabla hamjajua. Msiimwage shambani wala mferejini. Majumbani kwetu wengi bado tunateka maji kwenye chemchemi chini ya mlima, na kinachomwagwa juu kinashuka. Mjini kinaingia Nyakomisaro. Ikusanyeni kwenye mtungi, muipeleke kwenye gereji zinazoikusanya.

Mnapenda kuzungumzia mashindano ya Safari Rally tangu yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia, basi niwape mtu wa kumfikiria. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, hapa jirani tu. Dunia inamkumbuka kwa kushinda Safari mwaka 1965, 1974 na 1976. Ule ushindi wa kwanza, akiwa na ndugu yake Jaswant, aliupata kwa Volvo PV544 ambalo lilikuwa limeshatumika, gari kuukuu kwa watu wa mashindano. Lakini kabla ya kuwa dereva alikuwa fundi katika gereji ya baba yake. Alijifunza gari kuanzia chini, mbele ya macho ya mtu aliyemzidi ujuzi, ndipo akajua kipi kitamfikisha na kipi kitamwangusha. Nyinyi mnataka kuanza na ovaholi. Yeye alianza kwa kupokea amri za mzazi wake.

Walimu hamjakosa. Kisii National Polytechnic, ile ambayo sisi tuliizoea kwa jina la Gusii Institute of Technology, inafundisha ufundi wa magari. Keroka kuna taasisi ya ufundi, na kaunti zote mbili zina vituo vya mafunzo vijijini ambavyo karo yake si ya kutisha. Asiye na nafasi ya kukaa darasani anaweza kujifunza kwa fundi wa jua kali, kisha akafanya mtihani wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kuanzia gredi ya tatu kupanda hadi ya kwanza, akapata karatasi inayotambuliwa nchi nzima. Mabinti, hili nanyi ni lenu. Gari halimuulizi anayelifungua ni nani.

Ukimpelekea fundi gari, usiliache na kwenda zako. Mwombe kwa heshima ukae karibu, umshikie taa, umwoshee vipuri. Mwambie wazi kwamba unataka kujifunza na kwamba pesa yake utamlipa yote. Fundi mwema hamfukuzi mtu wa namna hiyo. Muulize kwa nini ameanza na nati hii na kuacha ile. Anayekataa kujibu kwa sababu hajui, utamgundua upesi, na hilo nalo ni somo.

Na kama gari lako linabeba abiria, sheria inataka likaguliwe kila mwaka. Lakini mkaguzi analiona siku moja, wewe unaliona siku zote. Mama anayepanda Kebirigo na mtoto mgongoni hajui kwamba jana usiku ulifungua breki kwa mwanga wa simu. Amekuamkia vizuri, amelipa nauli, amekaa. Kwetu mila ya chinsoni inatufunga tusimkosee heshima mkubwa wetu hata kwa neno, na mimi naona kumpakia mama wa mtu kwenye gari ambalo mwenyewe huna hakika nalo ni kumvunjia heshima kuliko tusi. Kazi yoyote ya breki, usukani au magurudumu uliyoifanya mwenyewe ikaguliwe na fundi kabla abiria hajapanda. Kisha lijaribu ukiwa peke yako, mahali tambarare, mwendo wa mtu anayetembea. Kanyaga pedali na uishikilie hivyo kwa dakika nzima injini ikinguruma. Ikizama taratibu chini ya mguu, kuna mahali panavuja, na gari hilo halitoki leo.

Jumamosi asubuhi mimi huwa nyumbani na sakafu yangu imesawazishwa. Stendi ninazo nne, vigingi vipo, na zana ya kubania springi ipo ingawa hamtaigusa bado. Anayetaka aje na gari lake na nguo za kazi, na aje kabla ya mvua ya mchana. Tutaanza na nati za magurudumu.